Plastiki yenye unga wa seramiki haipitishi joto ipasavyo: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Plastiki tupu ni kizuizi cha joto. Epoksi, polipropilini na mpira wa silikoni zote zina upitishaji wa joto unaozungukia wati 0.2 kwa mita kwa kelvini (W/m·K), ilhali alumina (oksidi ya alumini) hufika 30 hivi na nitridi ya alumini inayouzwa viwandani hufika 170 na kuendelea. Kwa hiyo unga wa seramiki huchanganywa ndani ya plastiki ya kujazia vifaa vya umeme, ya pedi za kupoza na ya vifuniko vya taa za LED. Mara nyingi unga huo hupakwa silani kwanza ili resini, yaani plastiki inayoubeba, iushike vizuri.

Silani yenyewe haipitishi joto. Ni tabaka jembamba sana lenye upande mmoja unaojifunga kwenye seramiki na upande mwingine unaopatana na resini. Kazi yake ni kuufanya unga ulowe, ili uingie mwingi bila kuacha hewa katikati ya chembe. Mambo yakiharibika, silani ndiyo hushtakiwa kwanza, na aghalabu haina hatia. Utaratibu wa ukurasa huu umefuata hilo: mizani kwanza, kemia baadaye.

Uwe na mizani inayosoma miligramu, kikombe cha maji, kioo cha kukuzia mara 10 na tanuri la maabara linalofika nyuzi 600 za Selsiasi. Vaa barakoa ya kuzuia chembe kila unapomimina unga mkavu. Kama unga wako una silika ya fuwele, vumbi lake huharibu mapafu moja kwa moja, kwa hiyo usiufungue nje ya kabati lenye kifyonza hewa. Na kama seramiki uliyopewa ni oksidi ya berili, acha hapo hapo: usiisage wala kuikwangua. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa maalumu.

Dalili ya 1: Unga umewekwa mwingi lakini kipimo cha joto hakipandi

Haya ndiyo malalamiko yanayojirudia kuliko yote.

*Uzito umechukuliwa kuwa ujazo.* Hapa ndipo wengi huteleza. Joto halijali gramu, linajali nafasi. Chukua alumina gramu 60 na epoksi gramu 40. Densiti ya alumina ni gramu 3.95 kwa sentimita ya ujazo na ya epoksi ni kama 1.2, kwa hiyo alumina inachukua sentimita za ujazo 15.2 na epoksi 33.3. Asilimia 60 kwa uzito imegeuka kuwa asilimia 31 tu kwa ujazo. Katika kiwango hicho chembe bado zinaelea mbalimbali ndani ya resini, na kanuni ya Maxwell, hesabu ya kukadiria upitishaji wa mchanganyiko, inatoa 0.47 W/m·K hivi. Usitegemee mengi zaidi ya hapo, hata chembe zingekuwa za almasi, kwa sababu joto likitoka chembe moja lazima livuke resini kabla ya kufika nyingine.

Ndiyo maana kubadilisha alumina kwa nitridi ya alumini katika mchanganyiko mwembamba ni kutupa pesa. Ongeza kiasi kwanza. Ukifika asilimia 80 kwa uzito, alumina ile ile inakuwa asilimia 55 kwa ujazo, chembe zinaanza kugusana, na hapo kipimo huanza kupanda kwa kasi.

*Unga haukuingia wote.* Ulipima vizuri, lakini sehemu ilibaki kwenye faneli ya mashine au ilitua chini ya ndoo. Pima kipande kidogo, kichome kwenye tanuri kwa nyuzi 600 mpaka plastiki iishe, kisha pima majivu. Fanya hivyo chini ya kifyonza moshi. Kwa silikoni jibu hili litakudanganya, kwani silikoni yenyewe ikiungua huacha silika. Kama plastiki ina nyuzi za kioo, nazo zitabaki kwenye majivu.

*Hewa.* Baada ya kujua kiasi halisi cha unga, tafuta densiti. Pima kipande hewani, kipime tena kikining'inia ndani ya maji, kisha gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili. Mchanganyiko wetu wa 60 kwa 40 ungepaswa kuwa 2.06. Ukipata 1.96, karibu asilimia 5 ya kipande ni hewa, na hewa hupitisha 0.026 tu. Usirukie densiti kabla ya kupima majivu: densiti ndogo inaweza kumaanisha hewa, na inaweza pia kumaanisha unga pungufu.

Dawa ya hewa ni kuvuta kwa pampu ya vakyumu kabla ya kumimina, kupasha resini joto kidogo ili ilegee, na kuhakikisha unga ulikaushwa.

*Mwelekeo wa chembe.* Hili linahusu nitridi ya boroni, ambayo chembe zake ni vibapa. Ndani ya bapa, joto hukimbia kwa mamia ya wati kwa mita kwa kelvini, lakini kuvuka unene wake linatambaa tu. Plastiki ikisukumwa kwenye kalibu, vibapa hulala kufuata mkondo. Kipande kikipimwa kwa ubapa kitakupa namba ya kujivunia, kikipimwa kuvuka unene kitakuaibisha, na kwa kawaida joto la kifaa linahitaji kuvuka unene. Kata kipande, kisugue kwa msasa laini, kitazame kwa hadubini: vikilala vyote upande mmoja, umepata jibu. Hamisha mlango wa kuingizia plastiki, ongeza unene wa ukuta, au tumia nitridi ya boroni iliyofinyangwa kuwa vidonge vya mviringo. Vidonge hivyo ni dhaifu. Viingize kwa mlango wa pembeni wa ekstruda (mashine ya skrubu inayoyeyusha na kuchanganya plastiki), plastiki ikiwa imekwisha kuyeyuka, la sivyo skrubu itavisaga na utarudi kwenye vibapa.

*Kipimo chenyewe.* Kabla ya kulinganisha namba yako na ya karatasi ya muuzaji, uliza imepimwa kwa njia gani. Kiwango cha upimaji cha ASTM D5470 hupima kuvuka unene. Diski moto ya ISO 22007-2 ikitumika kwa mpango wa kawaida hutoa wastani wa pande zote. Mmweko wa leza wa ASTM E1461 hautoi upitishaji moja kwa moja: unatoa kasi ya joto kusambaa, nawe unazidisha kwa densiti na kwa joto mahususi, kwa hiyo kosa la densiti linaingia kwenye jibu. Ukitumia D5470, pima angalau unene wa aina tatu na uchore mstari. Mteremko wake ndio unaobeba upitishaji wa plastiki, na mahali mstari unapokata mhimili ni ukinzani wa mgusano tu. Anayepima kipande kimoja chembamba kwa kawaida anapima mgusano wake mwenyewe.

*Uso wa unga.* Sasa ndiyo zamu ya silani, na makosa huenda pande mbili.

Kuzidisha ndiko kunakozoeleka. Kipimo cha kuanzia ni gramu za unga, mara eneo la uso wake kwa kila gramu, gawanya kwa eneo ambalo gramu moja ya silani hufunika. Alumina gramu 1000 yenye mita za mraba 1 kwa gramu, kwa silani inayofunika mita za mraba 330 kwa gramu, inahitaji gramu 3 hivi, yaani asilimia 0.3. Watu huweka asilimia 2 kwa mazoea tu. Ziada haishiki popote. Inazunguka chembe kama tabaka jingine la kuzuia joto, na sehemu yake hutoka baadaye kama mvuke.

Kuijaribu ni rahisi. Gawa unga uliopakwa mafungu mawili. Fungu moja lioshe kwa ethanoli na likauke kabisa, jingine liache. Yachome yote mawili pamoja na unga ambao haukupakwa kitu, ulinganishe uzito uliopotea. Kama unga uliooshwa umekaribia ule usiopakwa, silani ilikuwa imelala juu tu, haikujifunga.

Silani isiyojifunga husababishwa na mambo matatu: haikupewa maji ya kuiamsha, haikupewa joto baada ya kupakwa, au uso hauna pa kushikia. Njia ya kawaida ni ethanoli asilimia 95 na maji 5, pH kati ya 4.5 na 5.5 kwa asidi ya asetiki, silani ikorogwe dakika kadhaa, unga uingie, kisha ukaushwe na kupashwa nyuzi 110 hadi 120. Silani zenye amini hazihitaji asidi, zinajiamsha zenyewe. Zenye ethoksi huenda polepole kuliko zenye methoksi, zipe muda. Nitridi ya boroni ndiyo yenye tabu: uso wake mpana hauna vikundi vya hidroksili (OH) ambavyo silani hujifunga navyo, vilivyopo viko kingoni, na silani ikipakwa hivi hivi haikai. Unga huo huhitaji kuandaliwa kwanza, kwa mfano kwa kusagwa kwenye pipa la gololi au kwa soda kali ya moto, kabla ya silani.

Onyo: unga uliolowa ethanoli usiingizwe kwenye oveni ya kawaida. Mvuke hujaa na waya wa kupashia huuwasha. Uache ukauke kwanza chini ya kifyonza hewa. Silani zenye methoksi hutoa methanoli, ambayo ni sumu kwa macho na neva, na pia huwaka. Kama huna kifyonza hewa wala oveni isiyo na cheche, nunua unga uliokwisha kupakwa kiwandani. Zaidi ya kilo chache, kazi hii ni ya mhandisi wa kemia.

Dalili ya 2: Mchanganyiko unakuwa mgumu kama udongo wa mfinyanzi kabla unga haujaisha

Anza na unyevu. Unga uliokaa mfuko wazi hunywa maji ya hewani, na chembe hushikana mabonge. Ukaushe kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa chache, uupoze ndani ya chombo kilichofungwa, ujaribu tena.

Kama bado, angalia ukubwa wa chembe. Unga wa saizi moja, hasa ulio laini mno, una uso mkubwa unaokunywa resini yote. Changanya chembe kubwa na ndogo, ukianzia na saba kwa tatu kwa ujazo, na kubwa ziwe angalau mara saba ya ndogo ili ndogo ziingie kwenye mianya. Chembe za mviringo hulegeza mchanganyiko kuliko zenye kingo. Badiliko hili huokoa kazi nyingi kuliko kubadilisha silani, na ningelifanya kwanza hata kama maabara ina kila aina ya silani kabatini.

Kisha thibitisha kwamba upakaji ulifanyika. Nyunyiza unga kidogo juu ya maji: uliopakwa silani ya mnyororo wa kaboni au ya vinili huelea, usiopakwa huzama. Jaribio hili halina maana kwa silani ya amini, kwa kuwa uso wake hupenda maji.

La mwisho ni silani isiyopatana na resini. Amini na glisidoksi hupatana na epoksi. Vinili ni ya silikoni inayogandishwa kwa platini. Kwa polipropilini, mnyororo mrefu wa kaboni hulegeza mchanganyiko lakini hauongezi mshiko. Ukitaka mshiko, tumia silani ya amini pamoja na polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki.

Dalili ya 3: Silikoni au epoksi haigandi, inabaki ikinata

Kwa silikoni ya platini, mshukiwa wa kwanza ni unga uliopakwa amini. Amini huua kichocheo cha platini, na ndivyo zifanyavyo salfa na misombo ya bati. Gandisha kiasi kidogo kisicho na unga, ndani ya kikombe kile kile na kwa kijiko kile kile. Kikiganda, kosa ni unga. Kisipoganda, kosa ni kikombe, glavu za mpira au silikoni yenyewe. Dawa ni kubadilisha unga. Kuongeza kichocheo ni kumlisha mgonjwa sumu na chakula kwa pamoja.

Kwa epoksi, rudia hesabu ya kigandishi ukitumia uzito wa resini peke yake, bila unga. Kosa hili ni la kila siku. Kumbuka pia kwamba unga mwingi hunyonya joto la mmenyuko, hivyo umbo dogo lililokuwa likiganda lenyewe sasa linahitaji oveni.

Dalili ya 4: Mapovu au harufu

Nusa kwa mbali, kwa kupepea mkono, harufu itakuelekeza.

Harufu kali ya amonia inamaanisha nitridi ya alumini imekutana na maji: inageuka kuwa hidroksidi ya alumini na kutoa gesi ya amonia. Unga huo usiupake kwa maji hata kidogo, na uuhifadhi mkavu na umefungwa. Ulioanza kunuka hautengenezeki, kwani kila chembe imeota ganda la hidroksidi lisilopitisha joto. Ukikuta pipa zima likinuka, toka, fungua madirisha, na uwaite wahusika wa usalama wa kemikali.

Harufu ya pombe ni silani iliyokuwa haijamaliza kazi. Ongeza muda wa kuupasha unga kabla ya kuuchanganya. Mapovu yasiyo na harufu katika nailoni ni unyevu wa nailoni yenyewe. Oksidi ya magnesi nayo hunywa maji, lakini badala ya kutoa gesi huvimba, na kipande hupasuka baada ya wiki kadhaa mahali penye unyevunyevu. Isitoshe ina ualkali unaokata minyororo ya poliesta na polikaboneti. Kipande kikitoka hafifu na cha manjano, jibu ni hilo.

Dalili ya 5: Kipande kinavunjika kirahisi

Tazama sehemu iliyovunjika kwa kioo cha kukuzia, au bora kwa hadubini, chini ya mwanga wa pembeni. Chembe safi zinazong'aa, zikiwa zimekaa karibu na vishimo laini vya duara ambamo nyingine zilichomoka, maana yake ni kwamba resini haikushika. Silani haipo, haijajifunga, au si yake. Chembe zikiwa zimevikwa resini na mpasuko umepita katikati ya resini, mshiko ni mzuri na umefikia tu kikomo cha unga: punguza asilimia chache au tafuta resini laini zaidi. Ukiona kisiwa cheupe cha unga mkavu, hilo ni bonge lililopona kwenye ukorogaji.

Kama kipande kilikuwa imara kikadhoofika baada ya kuchemshwa kwenye maji kwa saa kadhaa, mshiko unaachia kwa unyevu. Upakaji urudiwe.

Dalili ya 6: Unga unatua chini kwenye umbo la kumimina

Alumina ni nzito zaidi ya mara tatu ya epoksi, hivyo hushuka. Kata kipande juu na chini, linganisha densiti. Tumia chembe ndogo zaidi, resini nzito zaidi, au gandisha haraka. Silika laini ya mvuke kidogo tu husaidia kuzuia unga usitue. Ndoo iliyokaa muda mrefu ikorogwe mpaka chini kabla ya kumimina: chembe zilizopakwa vizuri hutua polepole lakini hujipanga kuwa keki ngumu.

Dalili ya 7: Mashine inalika, plastiki ina madoa ya kijivu

Alumina ina ugumu wa 9 kwa kipimo cha Mohs na hula skrubu za chuma cha kawaida. Madoa ni chuma. Tumia skrubu na pipa la chuma kilichoimarishwa, au hamia kwenye nitridi ya boroni ambayo ni laini. Kama plastiki inaganda kabla ya kujaza kalibu, mashine haina kosa: plastiki inayopitisha joto hupoa haraka. Pandisha joto la kalibu na panua mlango.

Vipande vyenye madoa vilivyokusudiwa kukinga umeme wa volteji kubwa visiunganishwe na umeme. Chembe za chuma na mapovu huanzisha cheche ndani ya plastiki, na kipimo cha kuvunja kinga kifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni na kifaa cha kazi hiyo.

Dalili ya 8: Kipimo cha plastiki ni kizuri, kifaa bado kinachemka

Fanya hesabu hii kabla ya kuagiza unga mwingine. Bamba la milimita 3 lenye 1 W/m·K lina ukinzani wa 0.003 kwa kila mita ya mraba. Hewa tulivu inayopoza kwa wati 10 kwa mita ya mraba kwa kelvini ina ukinzani wa 0.1. Plastiki inabeba takriban asilimia 3 ya kikwazo chote. Ukiipandisha hadi 5 W/m·K, kifaa hakitahisi.

Hesabu hiyo inabadilika kama joto linaanzia kwenye nukta ndogo, kwa mfano chini ya LED, na linatakiwa kusambaa pembeni. Hapo upitishaji wa ubapa una maana, na vibapa vya nitridi ya boroni vilivyolala ambavyo vilikuwa kasoro kwenye dalili ya 1 vinakuwa msaada. Kwingineko, kagua kwanza mwanya wa hewa kati ya kifaa na plastiki, ujaze kwa pasta ya kupitisha joto, kisha ongeza mapezi au feni.